Mswaki Ulioota Katikati ya Ziwa

Walimu wetu, wanafunzi, na wageni mliofika hapa Mwanza, habari za asubuhi.

Karatasi niliyoishika ni ya mswaki, Salvadora persica, kichaka cha nchi kame. Sahara kipo, Arabuni kipo, mpaka India. Kwetu hupenda mbuga kavu na udongo wa chumvi. Tazameni: kitawi kimeshonwa kwa uzi, majani yanaota mawili mawili yakitazamana, yameshageuka kahawia. Kibahasha hiki kina mbegu. Na kona ya chini kulia kuna lebo. Nimekuja kuzungumzia lebo, maana kitawi kisicho na lebo ni kuni tu.

Nani kachuma, lini, namba yake ngapi, ua lilikuwa na rangi gani kabla halijakauka: hayo mepesi. Kazi iko kwenye “wapi”.

Wachumaji wengi wa zamani waliandika mji waliofikia. “Mwanza”, basi. Anayeingiza kumbukumbu kwenye kompyuta anaishia kuweka nukta katikati ya mkoa. Sasa ninyi wenyeji mnajua, zaidi ya nusu ya mkoa huu ni maji. Kichaka cha jangwani kinaonekana kimeota ziwani, jirani na sangara! (Kicheko.) Hilo afadhali, kila mtu anacheka na kulisahihisha.

Ninayoyaogopa ni makosa yasiyochekesha. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini na 32.9 mashariki. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Isahau, na kichaka chako kimehamia Uganda, karibu na Lira. Ukizidi kupotea ukabadilishanisha namba hizo mbili, ya kusini ikakaa mahali pa ya mashariki, umetua Algeria. Na Algeria ni jangwa! Ingekuwa mgomba tungeshtuka; mswaki unapita kimya kimya, na ramani inaharibika bila mtu kujua.

Mipaka nayo haitulii. Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza hadi 2012. Kwa hiyo lebo ya 1990 yenye “Mkoa wa Mwanza” huenda ni ya ng’ambo ya ghuba. Ndiyo maana nawasihi: mnapoingiza kumbukumbu, maneno ya mchumaji yabaki kama yalivyo, kwenye safu yake. Makisio yenu yakae safu nyingine, na mseme yanaweza kukosea kwa kilomita ngapi.

Tena chuma matawi kadhaa, yote namba moja, uyagawe hebaria mbalimbali, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa. Vielelezo vingi vya enzi ya Mjerumani vilipelekwa Berlin, na hebaria ile iliungua kwa mabomu Machi 1943. Nakala zilizokuwa kwingine ndizo tunazozitegemea leo.

Kesho porini, andikeni kama mnamwelekeza mgeni: “Kilomita 4 kutoka stendi, barabara ya Musoma, mkono wa kushoto, chini ya mawe makubwa.” Hata mwenye simu ya kusoma nyuzi za mahali aandike hivyo hivyo. Na kwa penseli, jamani. Wino wa kalamu ukilowa umekwisha.

Haya, maswali.