Alexander III, baba wa watoto kweli kweli

Mliokaa nyuma sogeeni mbele basi, viti vipo. Leo tunamwongelea Alexander III, mfalme wa Urusi kuanzia 1881 mpaka 1894, ila siasa zake tuziweke pembeni, tuingie nyumbani kwake.

Mkewe Maria Feodorovna, binti wa mfalme wa Denmark, mwanzo alichumbiwa na kaka mtu, kaka akafariki huko Nice 1865, mwaka uliofuata akaolewa na mdogo mtu (msicheke), na wakapendana haswa. Baba yake Alexander ndo alikuwa na nyumba ndogo, watoto wanne, na mama yao kaletwa kukaa humo humo ikulu! Huyu hapana, alitulia na mkewe, wakapata watoto sita, mmoja akafa bado mchanga.

Baba yake alipouawa kwa bomu 1881 akaihamishia familia Gatchina, nje ya St. Petersburg, jumba la vyumba kama 900 hivi, halafu mzee, pande la mtu, anachagua vile vyumba vya dari fupi. Watoto wanalala vitanda vya kambi, wanaoga maji ya baridi, asubuhi uji. Mezani ndo kasheshe, wao wanapakuliwa mwisho, wakianza tu kula sahani zinaondolewa, mpaka siku moja Nicholas, mwanawe mkubwa na mrithi wa ufalme, njaa ikamzidi akafungua msalaba wake wa ubatizo akala nta ya ndani, yenye kipande kitakatifu, kilichoaminiwa ni cha msalaba wa Yesu! Dada yake Olga ndo alikuja kusimulia uzeeni.

Kwa michezo lakini baba alikuwa wao kabisa. Siku moja kamlowesha mwanawe mdogo Michael kwa mpira wa maji, dogo naye akavizia mpaka mzee alipochungulia dirishani, akammwagia ndoo nzima kutoka juu. Mzee wala hakununa.

Shida mimi naiona kwa Nicholas. Waziri Witte alipopendekeza kijana aongoze kamati ya reli ya Siberia, baba akashangaa, huyu si bado mtoto? Na jamaa ameshapita miaka 20! Kamati alipewa, sawa, ila kazi yenyewe ya ufalme nani alimkalisha chini akamfundisha? 1894 figo zikamuua mzee akiwa na miaka 49 tu, na Nicholas, miaka 26, akamvuta shemeji yake pembeni akilia, akimwambia hajajiandaa, kutawala hajui, hata kuongea na mawaziri hajui aanzie wapi.

Haya, maswali.