Mtoto Anayekunywa Maji na Kiu Haimwishi

Wazazi wangu, walimu na mashehe mliofika leo hapa Arua, asanteni. Nimeombwa nizungumzie kisukari cha watoto, kile kinachoitwa kisukari cha aina ya kwanza. Kwanza niwatue mzigo kina mama: hakikuletwa na soda wala miwa uliyompa mwanao. Na jirani hajamroga.

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Humo zimo seli zinazotengeneza insulini, na bila insulini sukari hubaki kwenye damu huku mwili unakufa njaa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inazigeukia seli hizo na kuziua. Hiyo yaweza kuchukua miezi, hata miaka, mtoto akicheza kama kawaida. Kwa nini igeuke? Kurithi kumo, lakini watoto wengi wanaougua hawana ndugu mwenye ugonjwa huu. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja huweza kuugua na mwenzake asiugue kabisa. Wataalamu wanashuku kwamba virusi fulani huuchochea ugonjwa huu kwa aliyezaliwa na jeni, yaani chembe za urithi, zinazomweka hatarini.

Sasa dalili, na hapa nawasihi mnisikilize. Mtoto anakunywa maji na kiu haiishi. Anakojoa kila mara; aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, na tafadhali msimchape. Anakula, lakini anakonda. Pengine mtaona sisimizi wamejaa alipokojoa, maana sukari inatoka na mkojo.

Akianza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kina na haraka, na pumzi inanukia kama tunda lililoiva mno, ujue damu imejaa asidi. Hapa ndipo tunapowapoteza. Huku kwetu mtoto akitapika na kulegea, wazo la kwanza ni malaria. Anatundikiwa dripu ya glukosi: sukari juu ya sukari! Hata kipimo kikionyesha malaria, ombeni apimwe na sukari. Ni tone moja la damu kidoleni, na majibu ni papo hapo. Mwenye dalili hizi akikutwa na milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, hicho ni kisukari.

Kabla ya 1922, insulini ilipoanza kutumika kule Toronto, Kanada, watoto hawa walikuwa wanakufa. Leo wanasoma, wanaoa, wanazaa. Lakini sindano ni ya kila siku, na atakayewaambia muiache mtumie mizizi, msimpe mtoto wenu.

Akizidiwa usiku, msingoje kuche. Mpandisheni boda hadi Hospitali ya Rufaa, na mhudumu wa kwanza mtakayemkuta mwambieni apime sukari.