Ombi la Tatu la Nachiketa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Pale mlangoni kuna aliyeniuliza kama "kuzaliwa upya" ninakokuja kuzungumzia ndiko kule kuokoka. Hapana. Nazungumzia imani ya Wahindu kwamba aliyekufa huvaa mwili mwingine, akaishi, akafa, akavaa mwingine tena. Mzunguko huo wanauita samsara. Wengi wetu tukisikia hivyo tunaona ni habari njema, mtu kapata nafasi nyingine. Kwao ni uchovu. Wanachokitafuta ni kuacha kurudi.

Katika Katha Upanishadi, maandiko ya Wahindu kwa lugha ya kale ya Kisanskriti, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, mzee mmoja anatoa sadaka mali yake yote. Mwanawe Nachiketa, kijana mdogo, anawatazama ng'ombe wa sadaka wakipita. Maandiko yanawaeleza bila kuficha: maji yao wamekwisha kunywa, majani yao wamekwisha kula, maziwa yao yamekwisha kukamuliwa, na hawazai tena. Hao ndio wanaotolewa! Kijana anaona aibu kwa niaba ya baba yake. Anamuuliza: "Na mimi, baba, utanitoa kwa nani?" Kimya. Anarudia. Mara ya tatu hasira zinampanda mzee: "Nakutoa kwa Kifo!"

Kauli ya mzazi ikishatoka imetoka. Kijana anakwenda hadi nyumbani kwa Yama, mfalme wa wafu, wala hamkuti. Anakaa pale siku tatu usiku na mchana bila chakula. Yama anarudi, anashikwa na haya: mgeni kalala njaa nyumbani kwake, na uzito wa jambo hilo hata sisi tunaujua. Kwa kila usiku anampa ombi moja.

La kwanza, baba atulie hasira, ampokee akirudi. Kapewa. La pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri, afundishwe moto wa sadaka unaomfikisha mtu mbinguni, kusiko na njaa, uzee wala hofu. Kapewa nalo! Mbingu imetolewa kwenye ombi la pili, na kisa hakijaisha. Bado anauliza: mtu akifa, wengine husema yupo, wengine husema hayupo. Ukweli ni upi?

Anauliza kwa sababu katika imani hiyo hata mbingu ni kituo cha njiani. Bhagavad Gita, andiko jingine la Wahindu, katika sura ya 9 inasema wanaofika huko hustarehe mpaka thawabu zao ziishe, kisha hurudi kwenye dunia ya wanaokufa.

Yama hataki kujibu. Anamwekea mbele watoto na wajukuu wa kuishi miaka 100, tembo, farasi, dhahabu, wanawali na vinanda vyao. Kijana anakataa: farasi baki nao, ngoma na nyimbo baki nazo, hivyo ni vitu vya mpaka kesho tu. Mimi kila nikifika hapo husimama kusoma, kwa maana sijui kama ningekataa.

Ndipo Yama anapofundisha kwamba nafsi haizaliwi wala haifi, hata mwili ukiuawa. Na karibu na mwisho anasema: tamaa zote zilizokaa moyoni zikiachia, mwenye kufa anakuwa asiyekufa, hapa hapa. Huko ndiko moksha. Neno hilo linatokana na kitenzi cha kufungua, kuachilia. Ndiyo maana siridhiki tunapolitafsiri "wokovu." Aliyeokolewa ametolewa hatarini na mwingine. Hapa kuna fundo, na aliyelifunga ni mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mwenzangu wa kazi, Mhindu wa hapa hapa mjini, kwenda kuuchoma mwili wa marehemu mama yake. Alizizunguka kuni akiwa na mtungi wa maji begani, umetobolewa, maji yakimwagika nyuma yake mstari mwembamba. Alipomaliza akauachia ukavunjika kisogoni kwake, akatembea moja kwa moja mpaka getini. Kwenye gari nikamuuliza mbona hakutazama nyuma hata mara moja. Akanyamaza kidogo, akifuta maji kwenye shati.

"Nikigeuka," akasema, "mama naye atageuka."