Paketi Tatu, Dawa Moja

Ndugu zangu, nimepewa mada ya matumizi salama ya dawa za maumivu, na wanaonifahamu wameshajua nitaanzia wapi. Ndiyo, parasetamo tena. Nitaisema mpaka watu waanze kusoma nyuma ya paketi.

Mchukueni mtu mwenye mafua. Kichwa kinamgonga, anameza vidonge viwili vya parasetamo. Baadaye kidogo anakunywa dawa ya mafua, ile ya unga wa kukoroga kwenye maji moto. Usiku anaongeza vidonge vya "homa na maumivu ya mwili". Ukimuuliza, atakwambia ametumia dawa tatu tofauti, tena kidogo kidogo. Kumbe zote tatu zina parasetamo! Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya asivuke gramu 4 ndani ya saa 24, yaani vidonge 8, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4. Mnywaji wa pombe wa kila siku, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye uzito mdogo sana: hizo gramu 4 si zenu, ulizeni kiwango chenu. Na paketi iliyoandikwa asetaminofeni isikuzuge; Marekani ndivyo wanavyoiita, dawa ni ileile.

Najua kuna anayenong'ona hapo: "Lakini inauzwa bila cheti, itanifanya nini?" Nakujibu. Ini linapoichakata, sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya glutathioni ya kuizima. Ukizidisha dawa, akiba inakwisha na sumu inaanza kuua seli za ini. Kinachoniudhi ni kwamba siku ya kwanza huenda usihisi kitu zaidi ya kichefuchefu. Unajiona mzima, unalala! Dawa ya kuokoa ini ipo, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Ukisubiri macho yawe ya njano, saa hizo zimeshapita zamani. Umezidisha? Hospitali, leo leo, hata kama hujisikii vibaya.

Naona naoneshwa saa. Haya, mbio mbio. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ni ukoo mmoja: usizichanganye, zinachubua tumbo na kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito, hasa aliyefika wiki 20, amwone daktari kwanza. Mtoto asipewe aspirini bila daktari kusema. Nawe unayemeza dawa ya kichwa nusu ya siku za mwezi, mwezi hadi mwezi, huenda dawa yenyewe ndiyo inayokuuma kichwa. Mnacheka? Ni kweli kabisa.

Tramadoli na kodeini, dawa za maumivu za ukoo wa afyuni, nilizitengea nusu ya mhadhara. Basi hili moja tu: usizimeze pamoja na pombe wala dawa za usingizi, pumzi inaweza kukata.

Maswali. Ila ukiniuliza kuhusu dawa yako, usinitajie "kile cha rangi mbili". Nisomee kilichoandikwa.