Primrozi, Ua Lisilotaka Jua

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie maua ya bustani zetu hapa Uingereza. Nimechagua primrozi peke yake, maana ndilo ninaloliona likifa ovyo kwa wenzetu.

Sisi tuliokulia juani tuna mazoea: ukinunua ua, unalitafutia mahali peupe. Hili halitaki hivyo. Kwao ni kingo za misitu na mitaro ya mashambani. Huchanua kati ya Februari na Aprili, miti ingali mitupu, likapata mwanga. Kiangazi kikiingia, majani ya miti yanalifunika. Basi lipandeni chini ya kichaka au upande wa ukuta usiopigwa jua la mchana, kwenye udongo wenye mboji ya majani. Mwezi wa Julai msiache likaukiwe.

Hebu pitisheni vyungu hivi viwili. Ni lile la asili, la manjano mpauko, si yale ya rangi kali ya madukani. Chungulieni tundu la katikati ya ua. Kimoja kina kidutu cha kijani, mithili ya kichwa cha pini. Hiyo ni sehemu ya kike. Kingine kina duara la chavua, na kile kidutu kimejificha chini. Kila mmea una umbo moja tu. Mwanasayansi Charles Darwin aliandika juu ya jambo hili mwaka 1862: mbegu hupatikana vizuri chavua ikitoka umbo moja kwenda jingine. Ukitaka miche, panda yote mawili. Sisimizi nao hubeba mbegu, kwa hiyo usishangae kukuta mche usikopanda.

Njia ya haraka ni kugawa. Maua yakiisha, ng'oa shina zima, kung'uta udongo, lipasue kwa vidole, kila kipande kibaki na mizizi yake. Panda siku hiyohiyo, umwagilie. Ukikuta viluwiluwi vyeupe vyenye vichwa vya kahawia, viokote vyote. Hivyo ndivyo vinavyokula mizizi, hasa kwenye vyungu.

Na tafadhali, msiende kung'oa porini. Bila ruhusa ya mwenye ardhi, sheria ya 1981 ya kulinda wanyama na mimea ya porini inakataza.

Mama uliyeuliza pale nyuma: ndiyo, maua yake yanalika, kwenye saladi hata juu ya keki. Ila chuma ya bustanini kwako. Ya dukani huenda yamepuliziwa dawa.