Mstari wa mwisho wa karatasi ya maabara

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, habari za asubuhi.

Dada mmoja aliniletea karatasi ya majibu ya kipimo cha titi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa kukaa kwenye pochi miaka sita. Aliambiwa "si saratani", akamshukuru Mungu, akaikunja. Mstari wa mwisho hakuna aliyemsomea.

Uvimbe mwingi wa titi kweli si saratani. Kwa vijana unaoongoza ni fibroadenoma: mgumu kiasi, hauumi, ukiugusa unateleza chini ya kidole kama goroli. Ikiwa ya kawaida, haimwongezei mtu hatari ya maana. Sisti nayo ni kifuko cha maji. Daktari akichoma sindano, maji yanatoka na uvimbe unanywea pale pale. Na matiti yanayojaa na kuuma kabla ya hedhi, hizo ni homoni.

Lakini "si saratani" ni jina la mambo mengi. Mwaka 1985 Dupont na Page, watafiti wa Nashville, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya 3,300 waliokatwa kipande kidogo cha nyama titini, kikapimwa, kikakutwa hakina saratani. Asilimia 70 hawakuwa na hatari zaidi kuliko wanawake wengine. Asilimia 4 hivi, chembe (seli) za titi lao zilikuwa zimeongezeka na pia zimeanza kupotoka umbo. Hali hiyo inaitwa haipaplasia yenye atipia. Hatari yao ilikuwa mara 5 ya wale ambao chembe hazikuongezeka. Na kati ya hao wenye atipia, aliyekuwa na saratani ya titi katika familia ya karibu, mara 11.

Naomba msikie vizuri hapa, maana namba hizi zinatisha. Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, waliwafuatilia wenye atipia miaka 25: kati ya 100, kama 30 walipata saratani. Waliobaki, 70, hawakupata. Atipia si saratani, ila inakutaka upimwe kila mwaka, tena matiti yote mawili, maana saratani inaweza kutokea hata titi la pili. Ipo pia dawa, tamoksifeni, inayopunguza hatari hiyo. Muulize daktari kama inakufaa.

Mstari wa yule dada ulisema atipia. Tumeshampeleka kupigwa mamogramu, yaani eksirei ya matiti, na inaniuma ile miaka sita.

Mwenye karatasi yake leo, hata kama imechakaa, aje nayo mezani kwangu wakati wa chai tuisome pamoja.