"Kwa hiyo" ipi? Viunganishi kwenye maandishi ya kitaaluma

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo ni viunganishi, na nianze na kitu kinachoniuma kweli nikisoma tasnifu zenu, manake nakuta mtu ana data nzuri, kaihangaikia miezi, alafu anaifunika kwa kumwaga "hata hivyo", "aidha", "kwa hiyo" mwanzo wa kila sentensi kana kwamba ni sheria.

Kiunganishi ni dai jamani. Ukiandika "kwa hiyo" umeshaniambia kilichotangulia ndo kimezaa kinachofuata. Sasa mtu anaandika: "Wanafunzi wengi wana simu. Kwa hiyo ufaulu umeshuka." Kwa hiyo ipi? Wanazitumia saa ngapi, zinakula muda wa kusoma au hazili, na hao walioshuka ndo wenye simu au ni wengine kabisa? Hatua zote hizo hazipo, neno limewekwa kuziba shimo. Mimi huwa nakifuta kiunganishi nasoma tena, uhusiano ukibaki wazi nakiacha nje, ukipotea nakirudisha, na kama hata kikiwepo siuoni basi shida ni hoja, narudi kwenye hoja.

Alafu kuna hili ambalo halisemwi vya kutosha, Kiswahili kinaunganisha ndani ya kitenzi chenyewe. "Walikusanya data, wakaichambua, wakagundua kasoro." Hiyo -ka- imeshasema "baada ya hapo", ya nini kurudia? Na vionyeshi vya kurejelea, hali hiyo, matokeo hayo, tofauti hizo, hivi navipenda kuliko vyote. "Mvua zilichelewa wiki tatu. Kuchelewa huko kuliathiri upandaji." Ona "huko" ilivyoshika sentensi ya kwanza ikaivuta hadi ya pili, hakuna kiunganishi hata kimoja na msomaji hajapotea.

Haraka haraka: "licha ya" inafuatwa na nomino au kitenzi-jina, yaani kitenzi chenye ku- kama "kuwa", licha ya sampuli kuwa ndogo, ila "ingawa" inataka sentensi kamili, ingawa sampuli ilikuwa ndogo. "Bali" inataka ukanushi kabla yake, sio sababu bali matokeo.

Ndiyo dada, uliza. "Aidha"? Asante sana kwa hilo, maana linaharibu ripoti nyingi. Aidha maana yake ni vilevile, zaidi ya hayo. Haya mazoea ya "aidha hiki au kile" yametokana na neno la Kiingereza "either" linalofanana nalo kwa sauti, basi. Sasa ukiandika "wagonjwa walipewa aidha dawa au lishe", msomaji anayekijua Kiswahili anasimama hapo, anajiuliza unaongeza au unachagulisha, na kwenye utafiti kupewa kimoja na kupewa vyote viwili ni matokeo mawili tofauti kabisa. Andika "ama dawa au lishe".